Gambusi Kubwa la Mvule

Mume wa dada yangu alikuwa na gambusi dogo, kinanda cha nyuzi alichorithi kwa baba yake. Lilichongwa kwa gogo moja la mfenesi, tumbo lake halikuzidi papai, na usoni liliwambwa ngozi ya mbuzi. Ukilipakata hulisikii uzito. Alikuwa akienda nalo harusi zote za upande wa Mgogoni na Micheweni, na watu wakimngoja yeye kabla ya wali.

Mimi nilikuwa seremala. Nikitengeneza milango, vitanda na majeneza, na nilijiona hakuna mti nisioujua. Mwaka ule, miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili, nilikwenda Wete kununua misumari nikasikia santuri ikilia dukani. Ndani yake mlisikika udi, kinanda cha Kiarabu chenye sauti nene, ya chini, ya kukutikisa kifua. Nilirudi nyumbani na sauti ile kichwani. Nikawaza: sauti ndogo ni ya tumbo dogo. Nikichonga gambusi mara mbili ya lile la shemeji, tena kwa mvule, mti wa heshima, litanguruma.

Shemeji aliposikia alikuja barazani kwangu, akaligonga gogo la mvule nililolileta kwa kidole cha kati.

"Hili bado bichi, shemeji," alisema. "Na mvule mzito. Mfenesi unajibu haraka."

"Wewe piga," nilimwambia. "Kuchonga niachie mie."

Alicheka kidogo akaenda zake.

Nilichonga kwa mwezi mzima. Kwa nje lilipendeza mno: nililipiga msasa mpaka likang'aa, shingo nikaitilia nakshi kama ya mlango wa mwenye mashamba. Ndani ndiko kulikonishinda. Kila tezo ilipozama nilihofu itatokeza upande wa pili, na nilikwisha jitapa kwa kila mtu. Basi nikaacha ukuta mnene, nikajiambia unene ni nguvu. Nikawamba ngozi pana, nikatia nyuzi. Nilipolijaribu lilitoa sauti fupi, kavu. Nilijisemeza kwamba litafunguka likipata mpigaji.

Harusi ilikuwa Shumba, baada ya sala ya alasiri, ugani kwa mwenye harusi. Nilimkabidhi shemeji gambusi langu mbele ya watu, na la kwake nikalitundika ukutani kwa mkono wangu. Alilipakata. Alinitazama mara moja, kisha akaanza.

Lililia kama mtu anayegonga sanduku lenye nguo. Aliongeza nguvu, nyuzi zikapiga kelele, tumbo halikujibu. Waliokuwa nyuma hawakusikia kitu. Wimbo wa pili watu wakaanza kuzungumza, na wa tatu mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Leo kuna nini? Gambusi ndilo hili lililosifiwa?"

Nyuso zikanigeukia. Nikasimama, nikasema, Mungu anisamehe:

"Gambusi halina kasoro. Vidole vyake ndivyo vimezoea vitu vidogo."

Watu walicheka.  Shemeji aliliweka gambusi langu juu ya mkeka taratibu, kama mtu alazaye mtoto, akavaa viatu, akachukua la kwake ukutani akaondoka. Kutoka Shumba hadi kwao alikwenda kwa miguu peke yake. Mimi nilibaki nikala wali.

Baada ya wiki kadhaa dada yangu alikuja. Hakukaa.

"Kaka, tangu siku ile hajaligusa gambusi lake. Watu wa Mtambwe walikuja kumwalika, kawaambia mikono imechoka. Mikono ile haijachoka."

Nilimjibu kwamba mwanamume hasusi kwa neno moja. Lakini alipoondoka nilichukua msumeno nikalipasua gambusi langu katikati. Palipotakiwa wembamba wa kifuu cha nazi palikuwa na unene wa vidole viwili, na ndani mti ulikuwa bado una unyevu. Nilizisukuma zile pande mbili chini ya meza ya kazi, nikazifunika maranda. Nilijua kosa ni la nani. Pamoja na kujua, nilikaa miaka miwili, nikikutana na shemeji msikitini na kumpa mkono kama hakuna lililotokea.

Siku nilipokwenda kwake alikuwa akifua nazi uani. Nilimweleza yote: ukuta mnene, mti mbichi, neno nililolisema. Hakuacha kufua.

"Nilijua tangu nilipolipakata," alisema. "Gambusi zito hivyo haliwezi kulia."

"Mbona basi ukalipiga?"

"Dada yako aliniomba. Aliniambia, kaka yangu ana furaha, usimwaibishe mbele za watu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi, na yeye akasema alikwisha nisamehe zamani, kwa sababu ya watoto, wasione wakubwa wao wamenuniana.

"Lakini Shumba hawajui," aliongeza. "Wao wanajua vidole vyangu vibovu."

"Nitakwenda niwaambie."

"Inshallah," alisema, akachukua nazi nyingine.

Nilimchongea jingine. Safari hii kwa mfenesi uliokauka misimu miwili darini, tumbo dogo, ukuta mwembamba hata ukiliinua juani unadhani utaona vidole vyako upande wa pili. Alilipiga chumbani kwake, mimi na dada tukimsikiliza. Lilikuwa na sauti nyepesi, safi, inayowahi kabla kidole hakijaondoka kwenye uzi. Dada alilia. Nilimwomba shemeji alichukue harusini, akatikisa kichwa.

Kwenda Shumba sikwenda. Mwanzo nilisema nangoja karafuu ziishe kuchumwa, kisha mvua, kisha mwenye harusi akafa, nikajiambia sasa nimwambie nani. Walikuwapo wengi wa kuambiwa. Mpaka leo nikikutana na mtu wa kule na mazungumzo yakaelekea kwenye ngoma na nyimbo, huinama nikajifanya natafuta kitu kwenye kikapu changu.