Swali Ambalo Samiha Hakumuuliza Maalim Shaib

Samiha binti Abdulghani nilimfundisha kemia kidato cha tano na cha sita, na katika miaka yangu thelathini na minne ya kushika chaki sikupata kuona mtoto aliyependa kupima vitu kama yeye. Mama yake aliwahi kunieleza kwamba nyumbani kwao Tongoni hawakumpa kazi ya kutia chumvi, kwa kuwa angesimama na kijiko mkononi akitafakari mpaka mchuzi ukauke. Tangu utotoni alitaka kuwa mfamasia. Fizikia ikamwendea kombo katika mtihani wa mwisho, akapangiwa shahada ya sayansi. Hakulalamika. Alinitumia ujumbe mfupi: “Mwalimu, mlango wa mbele umefungwa. Nazunguka uani.”

Uani kwenyewe kulikuwa hivi. Kipo chuo kimoja cha famasia ambacho kila mwaka huwapokea wachache waliosomea sayansi kwanza, mradi walete barua ya mfamasia aliyewaona kazini. Samiha alikuwa mwaka wa tatu, na barua ilitakiwa ifike kabla ya Idi. Likizo yake iliangukia mwezi wa Ramadhani. Nikampeleka kwa Bi Yudith, Mbondei mwenzangu wa Muheza, ambaye duka lake la dawa liko Ngamiani, mkabala na nyumba yangu.

Bi Yudith ana maneno machache na sauti kubwa. Wiki mbili za kwanza hakumruhusu binti kugusa dawa. Alimwekea rundo la vyeti vya madaktari ajifunze kusoma miandiko yao. Nami, niliyezoea kusomea gazeti langu katika kiti cha wagonjwa asubuhi, nilimwona Samiha akigeuza karatasi juu chini kama atafutaye mwezi. Wiki ya tatu akapewa kuhesabu vidonge na kuandika bahasha, na Bi Yudith akikagua kila kitu kabla hakijatoka.

Duka lile lilikuwa na sheria moja ya Ramadhani. Kila achukuaye dawa ya kisukari au ya shinikizo la damu huulizwa kama anafunga. Akiwa anafunga, haondoki mpaka daktari wake apigiwe simu, saa na kipimo vipangwe upya. Bi Yudith aliuliza kama mpiga mbiu: “Baba, umefunga, hukufunga?” Duka zima likasikia. Hakuna aliyechukia, kwa sababu yeye ni Mkristo, na mgeni wa jambo husamehewa.

Kwa Samiha mambo yalikuwa mengine. Mtoto aliyelelewa Tongoni hamuulizi mtu mzima kama amefunga. Kuuliza ni kuonyesha kwamba umemshuku, kana kwamba umechungulia chungu chake mchana. Vijana wenzake aliwauliza bila taabu. Wazee aliwaachia Bi Yudith.

Hata siku moja akaingia Maalim Shaib, aliyemfundisha Kurani kuanzia alifu, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Nimetoka kliniki, nimepita maduka mawili nikayaacha. Nimesema dawa yangu nitapewa na mtu niliyemtandika bakora.”

“Bakora mbili tu, Maalim.”

“Zilikuwa tano. Hesabu hiyo ndiyo ya chuo kikuu?”

Alikuwa ameongezewa kidonge kipya cha kisukari, kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Samiha akahesabu, akaandika. Bi Yudith, akiwa stoo na mkono ndani ya boksi, alipaza sauti: “Samiha! Umemuuliza?”

“Tayari, Bi Yudith.”

Nililisikia jibu lile, nikadhani swali limepita wakati nikifunua gazeti. Bi Yudith akatoka, akakagua vidonge na maandishi, akatikisa kichwa kukubali. Maalim akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata Samiha alikwenda kwao. Alimkuta mama yake akimenya muhogo wa futari, akaketi kumsaidia.

“Hukusikia?” mama yake akamwambia. “Maalim Shaib kaanguka jana alasiri, yumo katika kusalisha. Jasho linamtiririka, maneno hayashikani. Mwanawe Bakar akamtia maji ya sukari kinywani, ndipo akarejea.”

“Wanasema nini watu?”

“Wanasema joto. Wabaya wake wanasema uzee.”

Samiha aliweka kisu chini. Peke yake katika mji ule alijua si joto. Maalim alikuwa akikimeza kidonge cha asubuhi pamoja na daku, kisha kutwa nzima dawa inashusha sukari ambayo haina chakula cha kuishikiza. Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayegundua. Barua itaandikwa, na chuo kitampokea. Lakini usiku daku ingeliwa tena, na kidonge kingemezwa tena.

Akatoka bila kunawa mikono. Alimkuta Maalim amejilaza barazani kwake juu ya mkeka, na Bakar karibu yake.

“Shikamoo, Maalim. Maalim... umefunga?”

Bakar aliinua uso kama aliyesikia tusi. Mzee ndiye aliyejibu.

“Leo sikufunga. Wataka kunitangaza msikitini?”

“Nilitakiwa nikuulize siku ile dukani. Niliona haya. Kidonge kile hakikai na funga, Maalim. Mimi ndiye niliyekuangusha.”

“Daktari aliniuliza,” Maalim akasema taratibu. “Nikamwambia sifungi. Kijana wa watu, hanijui, nilimjibu anipishe niende zangu.” Akajiinua kwa kiwiko. “Wewe ungeniuliza, ningekudanganya vipi? Nimekufundisha mimi mwenyewe adhabu ya mwongo. Basi tumekosa wawili. Kitoe hicho kijisimu, mpigie bibi yako mwenye sauti.”

Akapiga palepale, mbele yao.

“Bi Yudith, nilikuambia tayari. Haikuwa tayari. Sikumuuliza Maalim, naye alikuwa amefunga, akaanguka.”

“Yu hai?”

“Yu hai. Anacheka.”

“Asicheke. Mpe simu.”

Sauti iliyotoka ndani ya simu ile, aliniambia Samiha, hata Bakar aliisikia akiwa ameketi mbali. Usiku ule Maalim hakumeza kidonge. Asubuhi Bakar alimrudisha kliniki, akabadilishiwa dawa, na akaonywa mbele ya mwanawe kwamba mwaka huu funga haimlazimu.

Jumatatu nilikuwa kitini pangu. Bi Yudith alitoa drooni karatasi iliyopigwa chapa, barua ambayo ilibaki kutiwa sahihi tu, akaichana vipande viwili.

“Haya yako naielewa,” akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. “Hilo neno ‘tayari’ ndilo silielewi. Mimi hutia sahihi juu ya neno lako. Zimebaki siku tisa kufika Idi. Kuanzia leo wazee wote ni wako.”

Siku ya kwanza Samiha aliuliza kama Bi Yudith, kwa ujasiri wa kuazima, na bibi mmoja akaondoka bila dawa, akisema hakuja kuhojiwa imani. Ilibidi amkimbilie barabarani kumwomba radhi. Siku ya pili aliuliza kwa sauti ya chini mno hata mzee Mwinyijuma akadhani anaulizwa kama amefunga mlango. Nilitamani kumsaidia, lakini sikuwa na la kumpa. Sisi tuliosomeshwa na mapadre tuliungama dirishani, hatukumuungamisha mtu.

Siku ya tatu akaingia Bi Mwatumu, mama mtu mzima mwenye buibui la kizamani, na cheti cha shinikizo la damu. Samiha akamwamkia, akamuuliza hali za wajukuu, kisha akasema kana kwamba anaendeleza habari zilezile:

“Daku ya leo mmekula nini kwenu, bibi?”

“Daku?” Bi Mwatumu akainamia kaunta, akashusha sauti. “Wao wamekula wali wa nazi na samaki. Mie mwanangu, tangu mfungo mosi wa mwaka jana, Idi ilipopita tu, figo zimeninyima funga. Nalisha masikini badala yake. Usimwambie mtu.”

“Simwambii, bibi. Ila daktari wako anajua habari za figo?”

“Huyu mpya hakuniuliza.”

Bi Yudith alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Alingoja mpaka daktari apigiwe simu, dawa ibadilishwe na Bi Mwatumu aondoke.

“Miaka ishirini na miwili,” akasema, “nawauliza kwa sauti, wananijibu ‘nimefunga, nimefunga’. Kumbe nusu yao walikuwa wakificha aibu mbele ya watu! Mwalimu, ulilijua hili?”

Nikajificha katika gazeti.

Barua mpya ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Bi Yudith alieleza habari ya Maalim pasipo kumtaja jina, na neno “tayari”, na simu ya Ijumaa. Samiha aliisoma akiwa amesimama, masikio yamemwiva.

“Bi Yudith, wakisoma haya hawatanichukua.”

“Basi wasikuchukue. Mimi siwapelekei mtu nisiyemjua.”

Samiha aliiweka katika bahasha mwenyewe, akaipeleka posta siku mbili kabla ya Idi, na kwa siku zile mbili hakula futari ya maana, mama yake akanung'unika kwangu kwa simu kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika. Hata hivyo aliitwa chuoni, na waliomsaili walikuwa watatu. Aliniambia kwamba juu ya kemia walimuuliza mambo mawili tu. Muda wote uliobaki walitaka wasimuliwe namna ya kumuuliza mzee wa pwani kuhusu daku. Walimpokea, na mwezi wa kumi akaanza masomo. Maalim Shaib ndiye aliyewatangazia watu habari hiyo msikitini, na akawaambia sababu ya kuanguka kwake.