Senene Si Wadudu

Baba yangu hakuwahi kula mdudu maishani mwake. Hayo aliyasema mwenyewe, mdomo umejaa senene.

Kwa watu wa Katana, alikozaliwa, senene si wadudu. Senene ni senene. Mvua zikija, watoto tulitumwa alfajiri kuwaokota nyasini. Mama akawatoa miguu na mabawa, akawakaanga kwa kitunguu, na baba akakaa nao barazani kwetu mjini, mtaa wa Nguba, chupa ya bia kando.

Miaka ile kurudi kwenye asili kulikuwa siasa ya nchi nzima. Baba, karani wa ofisi, alitupa tai zake zote isipokuwa moja aliyoificha, akashonesha abakosti, koti la kizalendo lisilovaliwa na tai, na kazini akawa bingwa wa kuwahutubia wenzake juu ya vyakula vya mababu. Walimpigia makofi, kisha wakaenda kununua mkate.

Ndipo dada yangu alipompenda mwalimu mmoja kijana wa Mwenga. Ikapangwa wazazi wa kijana waje kwetu Jumapili, waseme neno la ndoa. Wiki ile dada alifagia ua hadi udongo ukachoka.

Wageni walifika na kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na viwavi wa msituni, waliokaushwa kwa moshi, wanene, weusi. Baba wa kijana, mchimba dhahabu, alieleza kwamba kwao kikapu kile hupewa ukoo unaotakiwa undugu, na asiyekionja ameukataa undugu wenyewe. Mama akawapika viwavi kwa mawese. Naye, kwa heshima ya wageni, akaweka sahani ya senene pembeni.

Baba akawatazama viwavi, akasema jino linamuuma. Mgeni akawatazama senene, akasema tumbo lake halijatulia. Mwishowe baba akaona afadhali aseme kweli.

"Kwetu hatukulaka mududu, citoyen," akasema, akimwita raia kama siasa ilivyoagiza.

"Hata siye," akajibu mgeni, akionyesha senene. "Ile yenu iko na miguu na mabawa, ndiyo mududu. Hii yetu iko nyama."

Baba akasema nyama haitambai. Mgeni akasema nyama hairuki. Wakavutana hivyo, kila mmoja akiwatetea mababu zake, mpaka mama akaona undugu unazama, akafungua kopo la sardini. Nyuso zao zikang'aa. Wazee wawili wa asili wakainamia samaki wasio na vichwa, waliotoka nchi ambayo hakuna kati yao ambaye angeweza kuionyesha kwenye ramani. Nilicheka. Mama akanifinya.

Lakini mama wa kijana hakugusa sardini. Alikitazama kikapu chake, kisha akaanza kukaza kitenge kiunoni, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Dada alimwona. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, uso umempauka. Akaweka birika chini, akaja kupiga magoti kando ya yule mama, akaivuta sahani ya viwavi. Baba akamkataza, akasema atajitia ugonjwa bure.

"Papa," dada akasema bila kupaza sauti, "ni miye naolewa, hapana weye."

Akala. Niliona koo lake likikataa, kisha likikubali. Akachukua wa pili. Wa tatu alimla bila kuangaliwa na mtu, maana wote tulikuwa tunamtazama yule mama, aliyenyoosha mkono kwenye sahani ya senene, akachukua mmoja, akafumba macho, akatafuna. Alipoyafumbua alimwita dada mwanawe. Nililia, na sioni haya kusema.

Harusini baba alihutubia kwa kirefu juu ya vyakula vya mababu, akasema ni yeye aliyeufungua mlango wa undugu ule. Ninavyokumbuka mimi, siku ile baba hakufungua chochote. Hata kopo lilifunguliwa na mama.