Milango Sita ya Choo cha Wasichana

Ijulikane kwa wote kwamba mwanafunzi anayeshirikishwa katika maamuzi ya shule yake huwa na afya njema, furaha na ustawi wa mwili na akili. Ndivyo waraka wa ofisi ya elimu ulivyotamka katika aya ya kwanza. Aya ya pili iliagiza kila shule iunde Baraza la Wanafunzi na kutuma kumbukumbu za mikutano yake kila muhula. Waraka ulikuwa na mihuri miwili.

Ukweli huo uliangukia meza ya Syombua, karani wa shule moja ya umma karibu na Kaloleni. Alikuja pale akiwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kupiga chapa, akidhani atakaa mwaka mmoja. Sasa ni miaka kumi na tisa. Ofisi yake ina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama choo cha wasichana: vyumba sita, milango hakuna. Iling'olewa mwaka juzi ikatengenezwe, na bado inatengenezwa. Tangu hapo Syombua aligeuza kiti chake, akalipa dirisha mgongo.

Kumbukumbu za Baraza alizichapa Jumatano ili mkutano wa Ijumaa usizicheleweshe. Alibadilisha tarehe tu kwenye zile za muhula uliopita. Ijumaa asubuhi akamwita Hikma wa darasa la nane, katibu aliyechaguliwa na wenzake.

"Tia sahihi hapa, mamangu."

Hikma akafanya jambo ambalo hakuna katibu aliyewahi kulifanya. Akasoma.

"Madam, hapa imeandikwa tumeshukuru kwa mazingira safi."

"Ndiyo."

"Tumeshukuru lini? Si mkutano ni saa nane?"

"Wewe weka sahihi. Mtashukuru baadaye."

"Zii, Madam, sisaini. Sisi tunataka kusema maneno ya milango. Wasichana hawanywi maji, wanabana mkojo mpaka saa tisa. Khawla amelazwa tangu wiki jana, daktari akasema ni kibofu. Nikisaini hii, nikienda kumwona nimwambie nini?"

Syombua alirudisha karatasi kwenye droo. Alingoja mkutano uishe, akaketi na daftari la Hikma, akachapa yaliyosemwa. Kipengele cha nne: milango sita.

Mwalimu mkuu, Bwana Ndolo, alisoma akiwa amesimama.

"Syombua, hii ni nini?"

"Kumbukumbu, Mwalimu. Za mkutano uliofanyika."

"Kipengele cha nne ni cha shukrani. Kimekuwa cha shukrani tangu nije hapa."

"Hawakushukuru."

"Basi hawakuelewa swali! Mtoto akishirikishwa, anajibu vizuri. Sasa hawa tumewashirikisha, wanatuletea mambo ya choo."

"Mwalimu, choo ni chao."

Syombua alizituma hivyo hivyo kwa ofisi ya elimu. Siku ya tatu zilirudi zikiwa na maandishi mekundu: *Haziendani na mfano uliotolewa. Sehemu ya 4 ni ya shukrani.* Mtu mzima na akili zake, mwenye choo chenye kufuli na sabuni ya maji, alikaa kitako mahali akatafuta kalamu nyekundu, akaandika hayo. Syombua aliyasoma mara mbili. Kisha akageuza kiti chake kikatazama dirisha.

Jumamosi alishuka soko la Gikomba akachagua mapazia sita ya mitumba, mazito, yasiyoonyesha. Jumatatu asubuhi na mapema, yeye na Hikma wakayatundika kwa waya.

"Madam, hili lina maua na lile lina magari," Hikma akasema.

"Mwenye haraka hachagui. Shika waya."

Wiki hiyo foleni ilionekana kwenye mfereji wa maji. Wasichana walikunywa, wakarudi kunywa tena, wakasukumana na kucheka kama watoto, na kwa kweli ndivyo walivyo. Khawla alirudi shuleni akachagua pazia la magari.

Alhamisi ikaja habari kwamba wakaguzi watafika kuangalia jinsi ushirikishwaji unavyoendelea. Bwana Ndolo akazunguka shule, akafika chooni, akaona mapazia.

"Toa haya," akamwambia Syombua. "Yatawafanya wageni wadhani hatuna milango."

"Hatuna, Mwalimu."

"Keti uchape."

Ilikuwa barua ya onyo, kwa kosa la kuweka vifaa visivyoidhinishwa katika majengo ya shule. Bwana Ndolo alimsomea, naye Syombua akachapa jina lake mwenyewe. Akarekebisha makosa mawili ya tahajia, akaipeleka kwa Bwana Ndolo itiwe sahihi, akajikabidhi nakala.

Wakaguzi walipofika mapazia yalikuwa yameshaondolewa; walikaa dakika arobaini, wakasifu Baraza.

Siku hizi, ikikaribia saa nne, wasichana hutoka langoni wawili wawili kwenda kujisaidia nyumbani kwao, na mlinzi haulizi tena. Kipindi wanachokikosa ni cha ushauri nasaha.