Majibu ya Damu ya Mwanangu Yanamhusu na Mdogo Wangu Mjamzito

Admin, naomba jina langu ulifiche, na kijiji changu sitakitaja kwa sababu huku kisiwani Mafia tunajuana hata kwa mwendo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, kazi yangu ni kusuka mikeka. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka tisa, hapa nitamwita Swaleh. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mpaka leo maneno yake ni machache. Shule alianza akashindwa kwenda sawa na wenzake. Lakini ni mtoto mwenye upendo, akikuona umenuna atakuja akae ubavuni kwako mpaka ucheke.

Miaka yote hiyo mama yangu mzazi alikuwa akisema kwamba mtoto amechezewa kichawi na mama mkwe wangu. Wala hakusema kwa kificho, alisema mpaka kwenye shughuli za watu. Mume wangu aliyasikia, na nyumba ikawa haina raha. Tumekwenda kwa waganga, tumefukiza, tumesomesha dua, Swaleh ni yuleyule.

Mwaka jana wakaja watafiti kutoka Dar, wanachunguza watoto wenye ulemavu wa makuzi na afya ya ubongo. Nesi wa kliniki ndiye aliyenipa habari. Wengi walikataa, maana ilivuma kuwa damu za watoto zinakwenda kuuzwa. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kutokujua. Daktari wao, mama mmoja wa bara, alinikalisha akanieleza kila kitu. Akasema, "Mama Swaleh, huu ni utafiti, si matibabu. Siwezi kukuahidi kuwa mtoto atapona. Na siku yoyote ukitaka kuacha, unaacha, hakuna atakayekulaumu."

Walicheza naye michezo ya kupanga vitu, wakamvalisha kofia yenye nyaya ya kupimia ubongo, akacheka, akataka na mimi nivae. Mwisho wakachukua damu yake na yangu. Daktari akaniuliza, wakiona jambo la kurithi, ningependa kuambiwa? Nikasema ndiyo, hata sikufikiri.

Majibu yamekuja juzijuzi. Daktari alinieleza faraghani kwamba hali ya Swaleh iko kwenye damu, imepitia kwangu, na mimi nimezaliwa nayo bila kujua. Si kosa la mtu. Mwanamke anaweza kuibeba asionekane na dosari yoyote, lakini mtoto wake, hasa wa kiume, akazaliwa nayo. Halafu akaniuliza, "Una ndugu wa kike, tumbo moja?"

Ninaye mmoja, mdogo wangu. Nitamwita Mwanaidi. Ameolewa Kilindoni, hata mwaka hajamaliza, na ana mimba yake ya kwanza. Daktari alisema si lazima na yeye awe nayo, haijulikani mpaka apimwe, na wao hawana ruhusa ya kumfuata. "Habari hii ni yako. Ukimwambia na mwenyewe akataka, mlete, tutazungumza naye taratibu."

Mume wangu nilipomweleza akasema, "Kumbe mama yangu alikuwa anaonewa." Mimi hakunilaumu hata kwa jicho. Akasema, "Mwambie mdogo wako. Mimi ningetaka kujua."

Nikaenda kwa mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite. Mumewe akisikia ukoo wetu una kitu kwenye damu, atamrudisha hapa na tumbo lake. Ndicho unachotaka?" Nikamuuliza, "Na mama mkwe wangu uliyemtangaza mchawi je?" Akainamia ungo wake akaendelea kuchambua mchele. Nikaondoka.

Ijumaa Mwanaidi akaja kwangu. Tulikula, akajinyoosha mkekani, joto limemchosha, Swaleh akakaa miguuni kwake anampepea kwa kipepeo cha ukindu. Akaniuliza, "Dada, wale watu wa utafiti hawajakujibu?" Nikamwambia bado. Akashika tumbo lake akasema, "Mimi kila nikisali namwomba Mungu asinipe kama huyu."

Swaleh alisimamisha kipepeo. Akanitazama, kisha akaendelea kumpepea. Mwanaidi alipouona uso wangu akaanza kulia. "Nisamehe dada, limenitoka tu." Nilikusanya vyombo nikaenda kuviosha, na vingine vilikuwa safi.

Tangu siku hiyo situlii. Nasuka nakosea, nafumua, naanza upya. Nampenda mdogo wangu, na bado nina hasira naye. Nikinyamaza, na mtoto akazaliwa kama Swaleh, atazungushwa kwa waganga kama nilivyozungushwa mimi, na kuna mama mkwe mwingine atakayeitwa mchawi. Nikisema, huenda ikawa yeye hana kitu, nikawa nimemvurugia mimba na ndoa bure. Na mama keshaniapia kuwa nikifungua mdomo nisikanyage kwake.

Jana Mwanaidi kanipigia simu kama kawaida, sauti yake ya uoga kidogo tangu lile la Ijumaa. Akasema, "Siku zangu zikikaribia nataka uje unikalie wewe, dada. Simtaki mwingine." Nikaitikia. Alipokata simu nilibaki nimeishika.

Jumamosi anakuja tena. Nyinyi mliowahi kubeba jambo zito la ndugu yenu, naomba mniambie: nimwambie akiwa na tumbo hivi, au ningoje ajifungue? Na kama ni kumwambia, neno la kwanza niseme nini, asije akadhani namlipizia kwa sababu ya mwanangu?