Mgonjwa Wangu Rehema

Tangu nihamie Lushoto peke yangu, wa kuzungumza naye jioni ni Rehema, samaki wangu wa kwenye tangi la kioo. Kwa wiki mbili aligoma kula, mashavu yamevimba. Juzi kwenye ibada ya jumuiya nikaomba aombewe: nina mgonjwa nyumbani, Rehema, hali chochote. Kusema ni samaki niliona aibu.

Jana wanajumuiya wakaja kumjulia hali, na chupa ya uji. Viti vyangu vikajaa kwa mara ya kwanza, nami badala ya kukiri nikamimina chai.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza Mama Elia, mzee wa kanisa.

Nikaonyesha tangi. Papo hapo Rehema akatema vitoto vyenye ndevu. Kumbe ngogo, wale samaki wenye ndevu ninaowafuga naye tangini, walimpenyezea mayai yao, naye akayalea mdomoni kama yake.

Mama Elia aliniangalia mimi, si samaki. "Mwanangu, kwani huna mtu?"