Kurasa za Madereva

Nilifika Tunduma juu ya lori la chumvi kutoka Ivuna, nikidhani nitalala usiku mmoja na kuendelea. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sikuwa nimekaa mahali hadi watu wakanizoea. Kilichonishika Tunduma ni kompyuta. Duka moja la stationari, karibu na foleni ya malori, lilikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia Linux. Mwenye duka, ambaye ndiye akawa bosi wangu, mzee wa Kondoa aliyeanza maisha kwa kuuza viatu, alikuwa anaiogopa. Mimi niliibonyeza kila mahali mpaka nikajua mengi yake, nikabaki.

Duka lilikuwa na sheria moja: ukurasa wa dereva haufungwi. Madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia walikuja kuangalia kama nyaraka za mzigo zimepita, na ili waingie kwenye mfumo wa forodha walihitaji tajiri, yaani mwenye lori, awatumie neno la siri. Tajiri akiwa Ndola hapokei simu ovyo. Basi dereva akishaingia, ukurasa wake tuliuacha wazi hadi mzigo upite. Wengine walishavuka zamani na kurasa zao bado zilikuwepo. Ndiyo maana madereva waliyapita maduka mengine wakaja kwetu.

Alasiri moja waliingia mama na binti yake kutoka Hasamba, viatu vina udongo mwekundu. Binti alikuwa amepata nafasi ya uuguzi vyuo viwili, na alitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya saa kumi na mbili jioni ile. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Habari ziliwakuta shambani wakichuma kahawa. Walikimbilia Mlowo wakakuta umeme umekatika, wakapanda gari hadi kwetu.

Nilitazama simu yangu. Muda ulikuwepo wa kutosha, nikawaambia wakae.

Ukurasa wa chuo ulifunguka nusu, ukasimama. Mfumo wa chuo ulituma namba za uthibitisho kwenye kitochi cha mama, kile kisimu cha vitufe, binti akanisomea, nikaandika, duara likazunguka na kuzunguka. Lilipoacha, namba zilikuwa zimeshakufa, muda wake umepita. Nilifuta takataka za ukurasa ule nikaomba namba nyingine. Nazo zikafa. Safari hii maandishi mekundu yalitokea: nikikosea tena, akaunti itafungwa hadi kesho.

"Kesho kuna nini?" mama aliuliza.

"Kesho nafasi imeshakwenda," binti alisema.

Nilijaribu mtandao kwa dirisha la amri. Majibu yalirudi haraka. Tatizo halikuwa mtandao. Nikataka kutumia simu yangu, na hapo ndipo nilipoona kuwa ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia, kama simu za pale mpakani zinavyopenda kufanya. Haikuwa na bando la huko. Na ilikuwa inaonyesha saa za Zambia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Niliangalia saa ya kompyuta. Ule muda wa kutosha haukuwepo.

Niliiuliza mashine inafanya nini. Memori ilikuwa imejaa hadi juu. Kompyuta ikiishiwa memori huenda kukopa nafasi kwenye diski, na diski ile ilikuwa chakavu. Taa yake ilikuwa inawaka bila kupumzika. Aliyekula memori yote alikuwa kivinjari, na ndani ya kivinjari zilikuwa kurasa za madereva, zimepangana hadi vichwa vyake havisomeki.

Nilimwambia bosi kwamba inabidi nizifunge. Alinikatalia kabla sijamaliza. Alisema kuna dereva wa Lubumbashi ambaye ameshinda pale siku nzima akijaza maombi yake ya kuvusha mzigo, ametoka kula tu, akirudi akute yamefutika atavunja kaunta. Nilimweleza kuwa hata kompyuta haitaki tena, kwamba hata tusipozifunga itakwama yenyewe.

"Wewe unataka nifukuze wateja wangu?" alisema. "Hawa nitawaona leo tu. Wale ndio wananilisha."

Mama alisimama. Nilidhani atalia, lakini alikuja akashika ukingo wa meza.

"Baba, mimi sijui kompyuta," alimwambia bosi. "Nijulishe tu. Nimrudishe mtoto nyumbani?"

Bosi aliitazama ile taa ya diski kama inamdai jibu. Kisha akavaa kofia yake.

"Zima zote. Mimi nakaa mlangoni."

Kuzima nako kulikuwa kazi, maana kishale cha kipanya kilikuwa kimeganda. Niliandika amri ya kukiua kivinjari, herufi zikawa zinatokea moja moja, nyuma ya vidole vyangu. Kilikufa. Nilijua nikikifungua kawaida kitazirudisha kurasa zote, kwa hiyo nilikifungua kwa wasifu mpya, mtupu, usiomjua dereva yeyote. Taa ya diski ilitulia. Ukurasa wa chuo ulishuka wote kwa mara moja.

Niliomba namba. Kitochi kilichelewa kulia. Nje nilisikia sauti ya mtu akimuuliza bosi kwa Kiswahili cha Kongo kwa nini amesimama mlangoni, na bosi akijibu polepole kwamba kuna mgonjwa ndani.

Kitochi kililia. Binti alisoma tarakimu haraka mno, ikabidi nimwombe arudie. Niliandika. Duara lilizunguka kidogo, na maneno ya kijani yakatokea.

"Tayari?" mama aliuliza.

"Tayari, mama. Ameshakuwa wa chuo sasa."

Binti aliinamisha kichwa mezani. Mama hakumgusa, alikuwa ameshamgeukia yule dereva, ambaye alikuwa amempita bosi na sasa anatafuta ukurasa wake kwenye kioo. Akamwambia, kabla yangu, kabla ya bosi:

"Ni mimi niliyekuharibia, baba. Kaa hapa. Huyu kijana ataanza nawe upya, na mimi sitaondoka mpaka umalize."