Mita Iliyochezewa

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Mita aliingia kwenye nyua za watu na baiskeli yake, akainama, akafunua kifuniko cha chuma, akasoma namba ya maji na kuiandika kwenye daftari. Mbwa walimjua, watoto walimjua, na wale waliojiunganishia maji kwa wizi walimjua zaidi, maana hakuwa na maneno mengi ila alikuwa na macho. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Hata mkwe wake alimwita Mzee Mita, tena mbele ya wageni.

Alipostaafu, idara ya maji ilimpa saa ya ukutani na kumtakia kila la heri. Kofia ya kazi aliirudisha. Lakini baiskeli ilikuwa yake, na ugonjwa wa kuandika namba ulikuwa wake pia, akaenda navyo nyumbani.

Kila Jumamosi asubuhi yeye na mkewe walipanda kilima cha tangi la maji, lile tangi kubwa lililonywesha mji mzima. Yeye mbele, mkewe nyuma. Aliyetangulia kufika ndiye aliyefungua chupa ya maji na kummiminia mwenzake kikombe, halafu Mzee Mita akaandika dakika za kila mmoja. Na kwa kuwa aliyetangulia alikuwa yuleyule kila Jumamosi, chupa ilihamia kwenye baiskeli yake moja kwa moja.

"Siku utakayonipita kwenye kilima hiki, Mama Watoto, natundika baiskeli," alizoea kusema. "Naitundika kwenye kulabu ya ukumbini, naweka mto kwenye kiti, basi."

Alisema akicheka, ila kila mtu alijua kwamba mzee huyo akisema amesema. Mkewe hakucheka. Kaka yake Mzee Mita, dereva wa lori, alikabidhi funguo siku aliyostaafu, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akatangaza kwamba sasa amepumzika. Hakumaliza mwaka. Na Mzee Mita mwenyewe alikuwa na presha, na daktari alishamwambia waziwazi kwamba baiskeli ile ndiyo dawa yake ya kwanza, vidonge vinafuata.

Sasa, binti yao mkubwa alikuwa mtaalamu wa viungo hospitalini, na mwaka huo chumba chake cha mazoezi kilipata baiskeli ya kupimia nguvu: baiskeli isiyokwenda popote, yenye kioo mbele kinachoonyesha miguu yako inatoa wati ngapi, kama vile wewe ni jenereta. Binti alitaka kuizoea kabla wagonjwa hawajaanza kuipanda, akawaalika wazazi wake Jumapili moja mchana.

Mzee Mita alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. Tuseme ukweli, miezi ya karibuni miguu yake ilikuwa mizito, kilima kilikuwa kimeanza kurefuka kidogo kidogo, na alitaka karatasi yenye muhuri wa hospitali imwambie kwamba ni mawazo yake tu. Mkewe ndiye aliyetafuta visingizio. Ana sare kumi na mbili za kupinda. Ana mgeni. Ana kiuno.

"Kiuno kimeanza lini?" aliuliza Mzee Mita.

"Kimeanza leo."

"Twende, mke wangu. Namba hazidanganyi."

Alipanda yeye kwanza, akakanyaga dakika ishirini, jasho likamtoka hadi kwenye soksi. Kioo kikatoa wastani wake: wati mia moja hamsini na nane. Alishuka kifua mbele, akauliza kama kuna aliyewahi kufikisha hizo. Binti akamwambia mashine ina siku tatu tu, Baba.

Mama alipopanda, alikagua usukani huku na huku. "Hii haina breki?"

"Breki ya nini, Mama? Haiendi popote."

"Nimeuliza tu."

Dakika mbili za mwanzo alikanyaga kwa kujizuia, akitazama ukuta. Binti akamwambia, "Mama, usifikirie. Fanya kama uko kwenye cherehani." Kosa lilikuwa hapo. Mwanamke yule alikuwa amekanyaga cherehani ya miguu kwa miaka thelathini, saa saba kwa siku, na miguu yake iliposikia neno cherehani ikashika kazi yenyewe. Akili ikaenda kwenye zile sare kumi na mbili, kola na vifungo na mifuko, na alipozinduka dakika ishirini zilikuwa zimeisha. Hata kuhema hakuhema sana. Wati mia moja arobaini na tano.

"Nimekushinda kwa kumi na tatu!" Mzee Mita alipiga makofi. "Ng'ombe hazeeki maini!"

"Maini hatujapima, Baba, tumepima miguu," binti alisema, akabandua jedwali ukutani na kuliweka mezani. "Na hatujamaliza. Kwanza, kila mtu anapimwa na rika lake. Umri ukisogea nguvu zinapungua, hakuna anayeponea hapo. Na wanaume kwa kawaida wana misuli mingi zaidi, ndiyo maana safu yao ni tofauti na ya wanawake. Halafu wati zinagawanywa kwa kilo za mtu. Mlimani hubebi miguu peke yake, unabeba na kitambi."

Mzee Mita alikuwa na kilo themanini na nne. Mkewe alikuwa na hamsini na nane. Binti akabonyeza kikokotoo, lakini baba yake alikuwa ameshapata jibu kichwani. Yeye, wati moja na nukta tisa kwa kila kilo, tena hapo ameongezewa kidogo kwa kukadiria: kwa mwanaume wa miaka sitini na minne, jedwali lilisema "wastani". Mkewe, mbili na nusu kamili: kwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, "nzuri sana".

"Kwa hiyo kwenye kilima..." alianza.

"Kwenye kilima Mama anakuacha," binti alisema akicheka, kisha akamwona mama yake anavyomtazama, akaanza kulirudisha jedwali ukutani.

Walipofika nyumbani Mzee Mita alivuta sanduku la madaftari, akavaa miwani, akaanza kusoma Jumamosi moja baada ya nyingine.

Miaka mitatu nyuma, mwezi aliostaafu: yeye dakika thelathini na moja, mkewe thelathini na tatu. Mwaka uliofuata: thelathini na nne, thelathini na sita. Jumamosi iliyopita: thelathini na nane, arobaini. Siku ya mvua, wamepishana mbili. Siku aliyokuwa na mafua akapanda kwa dakika arobaini na tano, mkewe arobaini na saba.

Mbili, mbili, mbili.

Kuna jambo kila msoma mita hulijua kabla hajamaliza mwezi wa kwanza kazini. Maji ya nyumba hayalingani. Kuna mwezi wa wageni na mwezi wa safari, mwezi wa mtoto mchanga na mwezi wa bomba bovu. Mita ikitoa hesabu ileile kila mwezi, usihangaike kupongeza familia kwa nidhamu. Chukua tochi. Mita hiyo imechezewa.

Kesho yake alikwenda kwa fundi baiskeli wa kona ya soko, akajifanya anauliza bei ya mnyororo.

"Shikamoo, mzee wangu," fundi alisema. "Na mama hajambo? Mwambie raba zake za breki za nyuma zimefika."

"Si alibadilisha juzi?"

"Kila miezi miwili, mzee. Zako zina mwaka wa tatu. Mimi nilidhani mama anaogopa miteremko."

Anaogopa miteremko! Mwanamke aliyekuwa akishuka kile kilima kanga zikipepea, akiwapigia kengele vijana wampishe! Mzee Mita alirudi nyumbani akisukuma baiskeli kwa mkono, akaingia nayo ukumbini, akaitundika kwenye kulabu. Kisha akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, mkewe alikokuwa akishona.

"Umeichezea mita," alisema.

Cherehani ilisimama. Mkewe hakuuliza mita gani.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipostaafu." Alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa moja moja. "Nilijaribu kukanyaga polepole, Baba Watoto, nikashindwa. Miguu yangu inajua mwendo mmoja tu. Nikaona bora nishike breki."

"Miaka mitatu unapanda mlima na breki?"

"Ya nyuma tu."

Angecheka kama anayechekesha asingekuwa yeye mwenyewe. Alimwambia amemfanya mtoto mdogo. Alimwambia kuwa kule juu alikuwa akimmiminia maji na kumpa pole, pole mke wangu, umejitahidi, na yeye anapokea kikombe na kuitikia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na aibu ya mtu mzima ikikosa pa kwenda hugeuka hasira.

"Ungeniambia!"

"Ungeitundika," mkewe alisema, akaonyesha ukumbini kwa kidevu. "Si hiyo hapo? Na kiti kiko dirishani. Nilimwona shemeji akikaa, nikamwona akibebwa. Sasa na wewe kaa. Mimi nimechoka kushika breki." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu, akarudi kwenye cherehani.

Mzee Mita alikaa. Jumatatu alikaa, Jumanne alikaa, mto mgongoni. Alisoma gazeti mpaka matangazo ya viwanja. Binti alipiga simu kuomba msamaha, akaambiwa kosa si lake, namba ni namba. Na siku nzima, kutoka chumba cha mbele, cherehani ililia. Alhamisi, kwa kukosa kitu kingine cha kusoma, alitazama ile saa ya ukutani aliyopewa na idara akahesabu mikanyago. Themanini kwa dakika. Baada ya chai, themanini. Alasiri, wakati yeye anasinzia na gazeti kifuani, themanini na moja. Miaka thelathini na minne alikuwa akirudi kutoka kazini na kujisifu kwa kilomita zake, na mwanamke huyu alikuwa akimwandalia meza akimwambia pole na kazi. Cherehani haina kilomita. Hakuna aliyewahi kuiandikia daftari. Usione vyaelea, vimeundwa, na vimeundwa humu humu nyumbani mwake, akavisikia kama kelele tu.

Jumamosi asubuhi mkewe alitoka chumbani akakuta kulabu tupu. Nje, baiskeli mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Mzee Mita alikuwa amechuchumaa nyuma ya ile ya mkewe na spana, na chupa ya maji ilikuwa imefungwa kwenye usukani wa mkewe, si wake.

"Unafanya nini?"

Alisimama, magoti yakalia, akamwonyesha raba mbili nyeusi kiganjani, kisha akazitia mfukoni. "Ya mbele inakutosha kushukia."

"Baba Watoto..."

"Panda. Na usinisubiri njiani, nitakasirika."

Walianza pamoja. Kwenye kona ya kwanza bado walikuwa sambamba. Kwenye kona ya pili alisikia ule mdundo anaoufahamu, themanini kwa dakika, ukimjia ubavuni, ukampita. Kengele ililia mara moja, kwa adabu. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona mkewe kwa nyuma akipanda mlima kwa nguvu zake zote. Mabega yalikuwa yametulia kabisa, kama yuko kazini. Alimtazama mpaka alipopotea kwenye miti, na moyo wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja, uliuma na ukafurahi, hakujua aanze na lipi.

Kisha akabaki peke yake na kilima. Kwenye mwinuko mdogo wa kisima cha zamani baiskeli iliyumba, akasimamisha mguu chini. Nyumbani kulikuwa chini, karibu, bila jasho. Alihema, akakohoa, akapanda tena.

Alipofika juu mkewe alikuwa amesimama katikati ya barabara, mgongo kwenye tangi, uso kwenye kona. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimeinama, na nusu ya maji ilikuwa imemwagikia viatuni bila yeye kujua.

"Ngapi?" Mzee Mita aliuliza, pumzi zikimkatika.

"Thelathini."

"Thelathini! Mimi mwenyewe sijawahi!" Alitazama saa yake. Thelathini na nane. "Dakika nane. Ulikuwa unafanya nini hapa dakika nane zote?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba umegeuza."

Mzee Mita aliegemeza baiskeli kwenye tangi, akampokonya kikombe taratibu kabla hakijamwagika chote.

"Nigeuze niende wapi," alisema, "na wewe uko huku?"

Akanywa, akaomba kingine. Halafu akatoa daftari na kalamu, akampa yeye aandike.